Bangili Chini ya Mawe ya Kilembe

Niambie, wewe ukipoteza kitu leo, utakitafuta kwa muda gani kabla hujaacha? Siku mbili? Wiki? Mimi nilitafuta kitu kimoja siku tatu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nikaacha. Miaka arobaini baadaye, nikiwa na wajukuu tisa na goti la kushoto linalolalamika nikipiga magoti kanisani, nilianza kukitafuta tena. Safari hii nilikuwa na mashine mkononi na hedifoni masikioni, na majirani wakisema Feresita amechanganyikiwa.

Kitu chenyewe kilikuwa bangili ya mama. Baba yetu alifanya kazi Kilembe, kwenye mgodi wa shaba, na mwaka ule mdogo wangu Mbambu alipoanza kutembea, baba alimwomba fundi mmoja wa Bulembia asokote nyaya tatu za shaba na kuzipiga nyundo mpaka zishikane. Ilikuwa nene kama kidole cha mwisho, na ncha zake mbili hazikugusana, zilibakiza nafasi ya kupitishia mkono. Mama aliisugua kwa majivu na limau kila Jumamosi. Alisema binti atakayeolewa kwanza ndiye atakayeivaa.

Mkubwa ni mimi. Aliyeposwa kwanza ni Mbambu.

Sikumchukia. Huyo nilimbeba mgongoni, nilimtoa funza miguuni kwa pini, nilimfundisha kuhesabu kwa mbegu za maharage. Lakini wakati ule tulikuwa tumeshahamia kwenye shamba la Bwera, ambako baba alitufuata kila mwisho wa mwezi mpaka mgodi ulipofungwa, na mchumba wake alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mwenye baiskeli mbili na viatu vya kamba. Kila aliyekuja kunywa chai alinitazama mimi kwanza, halafu akaguna. Mguno ule ulikuwa unaniingia.

Wiki ya harusi nyumba ilijaa wageni. Mama akanikabidhi bangili niifiche. Niliifunga katika kitambaa chekundu, nikaenda nayo jikoni, nikapima kiganja kimoja kutoka figa la upande wa ukuta, nikaifukia. Mbambu alikuwa ameketi pale pale akimenya ndizi. Aliniona, akacheka, akasema, "Dada, unaipanda iote?"

Siku wakwe walipofika kumchukua, mama aliniita mlangoni. "Feresita, leta bangili." Nikaenda jikoni, nikapima kiganja changu kutoka kwenye figa, nikachimba. Hamna. Nikachimba upande wa pili. Hamna. Nikarudi mlangoni na udongo kwenye kucha. Walikuwa wamesimama watu kama ishirini, mashangazi, wakwe, padri na katekista wake. Mama akaniuliza, "Nani anajua ulipoiweka?"

Nikasema, "Ni mimi na Mbambu tu."

Maneno matano. Sikusema ameiba. Lakini kila aliyekuwa pale alisikia hivyo, na mimi nilijua wanasikia hivyo, nikanyamaza. Mbambu aliondoka mkono wake ukiwa mtupu, wakwe wakinong'ona. Nilichimba kuzunguka mafiga siku tatu baada ya hapo. Kisha nikajiambia kwamba kweli aliichukua, kwa sababu kama hakuichukua yeye, basi mimi ndiye niliyefanya jambo ambalo sikutaka kulitaja.

Miaka ikapita. Mbambu alikuja kumzika baba, akaja kumzika mama, na mara zote mbili aliketi upande wa wageni. Mume wake akafa. Halafu vita vya kule Beni vikazidi, na mwaka wa nne huu sasa alivuka mpaka pale Mpondwe na binti yake Chérie, wakapanga nyumba Bwera. Kutoka kwangu Rukoki mpaka Bwera si mbali, unatoka umekunywa chai asubuhi, unafika kabla njaa haijakuuma. Nilikwenda mara moja na sukari na sabuni. Alinipokea vizuri. Alinipa kiti chenye mto, akaniuliza habari za watoto, akaongea nami Kiswahili cha Butembo kutoka mwanzo hadi mwisho, Kiswahili cha kumwambia mteja bei, hata neno moja la Lhukonzo, lugha aliyonyonyea, hakunipa. Alinisindikiza mpaka barabarani akasema, "Asante kwa kutembelea, Madame."

Madame! Nilirudi Rukoki nikiwa na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, mashine. Katika nyumba za kupanga karibu na kwangu anaishi mzee mmoja, Papa Sosthène, fundi wa redio, naye alitoka Butembo. Kila Jumapili baada ya misa nilimwona anakwenda kwenye uwanja wa mpira na fimbo ndefu yenye sahani chini, anatembea kama anafyeka majani bila panga. Watu waliiita fagio la Sosthène. Nilidhani ni kazi ya serikali. Jumapili moja nikamsogelea nikamuuliza anapima nini.

"Sipime kintu, Mukaka. Najifurahisha," akasema. Hapa kwetu Mukaka ni bibi, hata mzee mwenzako anaweza kukuita hivyo ukishakuwa na mvi. "Hii mashini inasikia chuma mu udongo. Nilinunua nipate dhahabu. Dhahabu ikanikatala. Lakini mchezo ikanipenda."

"Na unapata nini?"

"Vizibo vya soda." Akacheka mpaka akakohoa. "Vala hii, usikie."

Akanivalisha hedifoni juu ya kilemba. Mwanzoni nilisikia mvumo mdogo, kama nyuki mmoja aliye chumba cha pili. Akanipa mpini. Nikaanza kuizungusha huku na huku, kwa nguvu, kama nafukuza kuku.

"Eh! Eh! Mukaka! Unapiga nyoka? Pole pole. Sahani ikae karibu na majani, isipande juu kila upande. Na usiruke nafasi. Fagia kama unafagia nyumba ya mamakwe na yeye iko mlangoni anakuangalia."

Hilo nililielewa. Nikafagia kama nyumba ya mamakwe. Hatua moja, nusu hatua, nikirudia ukingo wa pale nilipopita. Halafu sikioni pakatoka sauti nyembamba, tiii, kama mtoto anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Moyo wangu ukashtuka, nakwambia kweli. Sosthène akachora msalaba ardhini pale sauti ilipokuwa kali zaidi, akapiga magoti, akakata kipande cha majani kwa kisu kwa pande tatu, akakifunua kama kifuniko cha sufuria, akapekua. Kizibo cha soda. Akakipangusa, akanipa mkononi kwa mikono miwili kana kwamba ni zawadi ya ubatizo. Halafu akarudisha udongo, akafunika majani, akakanyaga. Usingejua kama pamechimbwa.

"Hii njo sheria," akasema. "Uombe ruhusa ya mwenye shamba. Ufunike shimo. Takataka ubebe, usiache. Na ukikuta kintu iko mviringo na mkia, kama ya wakati ya vita, usiguse, rudi nyuma kwa nyayo zako, ita afande."

Kuanzia siku hiyo kila Jumapili tulikwenda wote wawili. Nilijifunza kwamba chuma kinanguruma chini, sauti ya shaba inapanda juu, na misumari ya mabati inadanganya. Nilipata vijiko, bawaba ya dirisha, kengele ya mbuzi isiyo na ulimi, kifungo cha mkanda, misumari isiyohesabika. Misumari tulitupa kwenye shimo la choo cha zamani, vile vizuri niliviosha nikaviweka kwenye kopo la maziwa. Aminah, jirani yangu anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kando ya uwanja, alinitania kila nilipopita.

"Mama Feresita! Hiyo mashine haitafuti wanaume?"

"Inatafuta chuma tu, Aminah. Wanaume wa hapa ni udongo mtupu."

"Basi mwambie Papa Sosthène apite mbele yake tusikie kama italia!"

Sosthène alivua kofia akampigia saluti. Zilikuwa Jumapili nzuri. Nilikuwa nafurahi kwa ajili ya kizibo, unaweza kuamini? Mtu ukizeeka hakuna anayetarajia ukute kitu kipya. Mashine ile haikujua umri wangu.

Halafu tukapata kufuli.

Mwalimu mkuu wa shule ya pale alikuwa na hadithi ya kufuli lake kubwa la shaba, lililoanguka getini miaka sita nyuma. Alikuwa amelitafuta chini ya nguzo ya geti na wanafunzi wa darasa zima, wakakosa, na mlinzi akafukuzwa kazi. Siku hiyo tulikuwa tunafagia mbali na geti, hatua kama nane upande wa muhogo, ndipo sauti ikapanda juu, safi. Sosthène akachimba mpaka kiwiko. Kufuli. Kijani kwa nje, lakini ndilo.

"Limetembea vipi mpaka huku?" nikauliza.

Sosthène akaketi chini, akatazama geti, akatazama muhogo. "Kintu haitembei, Mukaka. Angalia hapa, kuna alama ya shimo ya nguzo. Geti ilikuwa hapa. Wakapanua barabara ya kuingia, wakahamisha nguzo. Yeye akatafuta nyuma ya hapo, karibu na nguzo mupya." Akatikisa kichwa. "Wote walitafuta karibu na nguzo. Na mlinzi akaitwa mwizi."

Nilikuwa nimeshika kile kisu. Sikukisikia kilipoanguka.

Kwa sababu niliona jiko la mama. Niliwaona wanawake wa kijiji, wiki ile ya harusi, wakija na ndoo za udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe kusiriba sakafu ipendeze. Nilimwona shangazi mmoja akisema sufuria za harusi hazitaenea pale ukutani, mafiga yasogezwe karibu na mlango. Yakasogezwa. Nilikuwepo! Nilibeba moja mimi mwenyewe, kwa vitambaa, lilikuwa bado la moto. Na bado siku ya wakwe nikaenda kupima kiganja changu kutoka kwenye figa, kwa sababu katika maisha yangu yote mafiga yalikuwa mahali ambapo mafiga yapo. Nani anafikiri mafiga yanahama?

Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Nilimwambia Sosthène kila kitu. Alisikiliza huku akifuta lile kufuli kwa shati lake.

"Basi enda umwambie mudogo yako," akasema.

"Nitamwambia nini? Nimwendee mikono mitupu? Nikishaipata, nitamwekea mkononi, ataona mwenyewe."

"Mukaka..."

"Nitamwekea mkononi, Papa Sosthène."

Hakubishana. Siku ya Ijumaa, ambayo ni siku ya soko kule mpakani, alikuwa anapeleka spea za redio Mpondwe kwa gari la rafiki yake, akanichukua. Mashine tuliikunja tukaitia kwenye gunia. Kwenye kizuizi cha barabara, askari mmoja kijana akaligonga gunia kwa fimbo.

"Mzee! Shuka! Hii gunia iko na nini?"

"Mashine ya kutafuta vyuma, afande," nikajibu mimi.

"Vyuma gani? Bunduki?"

"Vijiko, afande."

Akanitazama. "Toa. Weka chini. Onyesha."

Nikaiunga hapo kando ya lami, nikaiwasha bila hedifoni. Nilipopitisha sahani mbele yake ikapiga kelele kama nguruwe. Askari akaruka nyuma, wenzake wakacheka wakajishika mbavu.

"Ni mkanda wako, afande," nikasema. "Na hapo mfuko wa kulia una kitu kingine. Shaba."

Akatoa mfukoni ufunguo, akautazama kana kwamba umemsaliti. "Fred, umekamatwa!" mmoja akapiga kelele. Huyo Fred akakaza uso, lakini mdomo ulikuwa unamponyoka. "Panda gari, mama. Haraka. Enda utafute vijiko vyako."

Shamba la baba sasa liko kwa Muhindo, mtoto wa marehemu kaka yetu. Nilikuwa nimempigia simu kumwomba ruhusa, na nilikuwa nimemwomba Chérie amlete mama yake saa nne. Sosthène alinishusha hapo, akaendelea Mpondwe na spea zake. Muhindo alinikaribisha, akanionyesha uwanja, akaenda kwenye kahawa yake. Nyumba ilishabomoka zamani. Jiko pia. Palibaki mwinuko mdogo wenye majani, na migomba imeusogelea mpaka karibu kuugusa.

Mbambu alikuja. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake cha misa, amekonda shingo. Chérie akamkalisha kwenye kigoda kivulini, akanisalimu, akaenda kwa Muhindo. Mbambu akaweka mkoba wake magotini na mikono miwili juu yake, kama mtu aliyeketi benki akisubiri jina lake liitwe.

"Chérie anasema weko na kintu ya kunionyesha," akasema.

"Ngoja kidogo. Kaa tu hapo. Nitakuonyesha."

Nikavaa hedifoni. Nikaweka sahani chini, nikawasha, na mashine ikapiga mayowe. Si sauti moja, zilikuwa sauti mia, kushoto, kulia, miguuni, kama soko lililoshikwa na moto. Nikasogea hatua tano. Hivyo hivyo. Nikafika kwenye mwinuko wa jiko. Vibaya zaidi.  Nilidhani imeharibika kule barabarani.

 Nilipoinama kuangalia kitufe, nilimsikia Mbambu akiguna, halafu akasema, "Ni mawe ya Papa."

"Mawe gani?"

"Umesahau? Kila mara alitoka Kilembe na gunia. Mawe yenye kung'aa, ya mgodi. Alimwaga hapa tusikanyage matope. Sisi njo tulipanga kwa mikono."

Nikakwangua majani kwa kidole cha mguu. Ndiyo. Changarawe nyeusi yenye vipande vinavyometameta, uwanja mzima, na tangu jiko libomoke yametawanyika mpaka juu ya sakafu yake, na kutu ya kijani juu yake. Baba alikuwa ametubebea mgodi wake nyumbani ili watoto wake watembee pakavu. Tulisimama hapo, mimi na yeye, tukitazama mawe. Nilitaka kumkumbusha jinsi tulivyoshindana kuchagua yale yanayong'aa zaidi. Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameshatazama upande mwingine, nami nikarudi kwenye mashine.

Sosthène alikuwa amenifundisha jambo hili, ingawa kule uwanjani hatukulihitaji sana: ardhi ikiwa na madini unaifundisha mashine kuizoea. Unapunguza ukali wake. Unainua sahani mpaka gotini, unaishusha karibu na ardhi, unainua, unaishusha, huku unazungusha kitufe kidogo kidogo, mpaka kelele ya ardhi igeuke mvumo mmoja tulivu. Kama kumbembeleza mtoto mpaka anyamaze. Ilinichukua muda mrefu. Kivuli kilihama kwenye miguu ya Mbambu, naye akasogeza kigoda. Mara tatu nilidhani nimepata, mara tatu ikaanza kupiga kelele. Mara ya nne ikatulia. Nyuki mmoja, chumba cha pili.

Nikaanza kufagia jiko la mama. Nilijaribu kuliona, mlango ulikuwa huku, ukuta ule. Mafiga ya harusi hapa. Basi mafiga ya zamani yalikuwa kule. Nikaenda kule, pole pole, nusu hatua kwa nusu hatua. Msumari. Msumari. Kijiko kilichovunjika, nikakiweka pembeni. Halafu, kiganja kimoja kutoka pale nilipodhani figa la ukuta lilikaa, sauti ikapanda juu. Safi. Nyembamba. Nikapitisha sahani kutoka upande mwingine, kama nilivyofundishwa. Ikarudia hapo hapo.

Nikapiga magoti. Nikachora msalaba, nikakata majani, nikafunua. Nikatoa mawe ya baba moja moja. Udongo chini yake ulikuwa mwekundu, ule wa kusiriba. Mkono wangu ukazama mpaka karibu na kiwiko.

"Mbambu," nikasema, "mafiga yalihamishwa. Wiki ile. Walihamisha mafiga, na mimi nikapima kutoka mahali papya. Nimelijua juzi. Ipo hapa chini, mashine inasema. Njoo uone."

Hakuja. Nilisikia mkoba wake ukifunguka na kufungwa.

"Na kama haiko?" akasema.

"Itakuwepo."

"Miye nauliza, Feresita. Na kama haiko? Kama ni kijiko ingine? Nitarudi kwa Chérie nikiwa nani?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa karibu kabisa. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kugusa udongo mlaini zaidi, na nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi.

"Ngoja kwanza tuone."

Akasimama. Alisimama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, akakaza kitenge chake. Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa na hasira.

"Miaka makumi ine nilingojea," akasema. "Nilizaa watoto saba, hakuna hata mmoja alijua nyumba ya mama yangu. Mukwe yangu alifunga kabati na kufuli mpaka siku alikufa, kwa sababu ya ile neno yako. Sasa ningojee tena, mashini njo iseme kama miye ni mwizi?"

Hedifoni zilikuwa shingoni mwangu, na ile sauti nyembamba bado inaita, maana sahani niliilaza kando ya shimo. Tiii. Tiii. Nilikuwa nimeitamani sauti ile kuliko chakula. Nilikuwa nimeiota. Na kilichokuwa kikinisumbua wakati ule si shaka tena, ni aibu, kwa sababu niliona kwamba hata baada ya kulijua jambo la mafiga, hata baada ya kufuli la mwalimu, bado nilitaka kitu cha kushika mkononi ili nisilazimike kusema kwa mdomo.

Nikazima mashine.

Nikatoa mkono shimoni. Nikasukuma udongo mwekundu ndani, halafu mweusi, halafu mawe ya baba, moja moja. Nikafunika majani. Nikashindilia kwa kiganja, halafu nikasimama nikakanyaga, na goti likalia, nikaliacha lilie. Mbambu alikuwa ananitazama kama mtu anayemwangalia mwendawazimu akivuka barabara.

"Unafanya nini?" akasema. "Si umesema iko hapo?"

"Hukuichukua," nikasema. "Hata kama mafiga hayakuhama. Hata kama hapa chini hamna kitu. Hukuichukua, na mimi nilijua. Nilijua siku ile ile mlangoni, Mbambu, kabla sijafunga mdomo. Ulikuwa unaolewa kabla yangu, na nikaacha wakusikie hivyo. Mashine haina kazi hapa."

Upepo wa mchana ulipita kwenye migomba. Mbali, Muhindo alikuwa akimwambia Chérie jambo kuhusu kahawa, na Chérie akicheka.  Nilidhani Mbambu ataondoka, na nilijiambia akiondoka sitamshika. Alifika mpaka mwisho wa mawe, pale majani yanapoanza. Akasimama hapo akinipa mgongo, mpaka nikaanza kukunja mashine ili mikono iwe na kazi.

Halafu akarudi. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alizunguka mwinuko wa jiko, akasimama pale mlango wa nyumba ulipokuwa, mahali pale pale alipokuwa amesimama na gauni lake la harusi, akanyoosha mkono wake mtupu mbele yake, akautazama.

"Bangili sikuililia hata siku moja," akasema. "Mume yangu alininunulia zingine, nikagawa. Miye nilitaka unishike mkono. Hapa. Mbele ya Mama, mbele ya ile batu yote, unishike tu mkono, useme, huyu ni mudogo yangu. Njo kintu nilitaka, dada. Ni ile tu."